Safari Hii Fundi Atakufaje

3 Februari

Kwako Shemeji Muuaji,

Salamu nyingi kabla sijaanza kugomba. Huku hatujambo. Mama yao magoti yanamsumbua ila mdomo ni mzima; jana amenisema tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi, kisa nimeacha spana juu ya kabati la vyombo. Binti yetu, Nesi, amepandishwa cheo pale hospitali. Sasa anashika ufunguo wa kabati la dawa na anatembea kama mwenye nyumba anayedai kodi. Paka wako uliyetuachia bado hajafa, tofauti na mimi.

Sasa jambo lenyewe. Nilikuwa juu ya paa la jengo la bima, ndani ya chumba cha mota, nimepakaa grisi mpaka masikioni, redio yangu ndogo ikasema mtunzi wa hadithi za kisayansi atapewa Nishani ya Maisha kwa kazi yake ya miaka thelathini. Wakataja jina lako. Lifti nilikuwa nimeizima mwenyewe, basi nikashuka ngazi ghorofa zote kwenda kumwambia mlinzi kwamba huyo ni shemeji yangu, na kwamba yule Fundi wa vitabuni ni mimi. Akanitazama juu mpaka chini. "Fundi yupi? Huyu anayekufa kila kitabu?" Nikamwambia ndiye mwenyewe. Shemeji, mtu mzima yule alisimama akanipa mkono! Kisha akauliza wanachouliza wote: "Enhe, na safari hii utakufaje?" Nikamjibu sijui, muuaji hajaniambia.

Kurudi juu ndiko kulikonishinda. Nilipumzika ghorofa ya tatu, ya nne, na ya tano nikakaa kabisa kwenye ngazi kama mgonjwa. Kifua hiki. Alhamisi Nesi ananipeleka kupigwa picha. Mashimo ya lifti yana vumbi la tangu enzi za babu zetu, si ajabu. Usianze kuulizauliza.

Ninachotaka ni hiki. Umenitupa nje ya chombo cha anga nikiwa na soksi tu. Umenigandisha. Umenilisha kuvu wa kijani. Umenizeesha miaka mia nikiwa nimeinama kuokota bisibisi. Umesema kitabu hiki ndicho cha mwisho chenye Fundi, basi nataka kifo cha heshima. Nitumie sura mara tu ukiiandika, kama kawaida yetu. Simu ni ya kuulizana hali; ugomvi wetu unataka karatasi.

Nimekaa mkao wa kula,
Marehemu


20 Februari

Marehemu wangu,

Barua yako imenikuta nimeshika shavu. Jino la nyuma limeamua kusherehekea nishani kabla yangu. Zaidi ya hapo ni mzima. Bomba la chooni linadondoka, jirani wa chini anapiga redio kwa nguvu kama vile mimi ndiye kiziwi, na dirisha la chumba ninachoandikia limegoma kufunguka, kwa hiyo naandika mambo ya sayari za barafu huku natoka jasho.

Watu wa kamati walikuja, wawili, na viatu safi sana. Walitaka kuona "mahali pa ubunifu". Nikawaonyesha meza, mtungi wa gesi, na kamba ya nguo. Wakapiga picha vyote. Wanataka niwape historia yangu kwa ukurasa mmoja na hotuba ya dakika ishirini. Historia yenyewe unaijua kuliko mimi. Hadithi ya kwanza kuchapishwa gazetini, zawadi yake saa ya ukutani ambayo mpaka leo haijawahi kusema ukweli. Kisha vitabu, kisha tuzo ile ya kioo iliyovunjika ndani ya begi, kisha udaktari wa heshima, nilipolikanyaga joho langu mwenyewe mbele ya mkuu wa chuo, nawe ukacheka peke yako ukumbini.

Nimegundua profesa mmoja ameandika kitabu kizima juu yako. Anasema Fundi ni alama ya mfanyakazi anayemezwa na mashine za wakubwa, na ndiyo maana kila kitabu nikienda sayari mpya namweka Fundi mpya na lazima afe. Kurasa mia mbili! Nimwambie nini, kwamba siku ya harusi yangu shemeji mmoja alisimama mbele ya ukoo mzima akasema mwanamke anayehesabu nyota ataunguza maharage? Nilinuna wiki nzima. Kisha nikakaa nikaandika chombo cha anga, nikaweka fundi ndani yake, nikakufungulia mlango. Sikujua wasomaji watakupenda. Sikujua utanunua magazeti kumi uwagawie wenzako kazini ukijisifu kwamba umeuawa.

Na maneno ya mwisho ya Fundi ni yako pia. Unakumbuka bomba la jikoni kwetu? Ulisema litapasuka, kaka yako akasema halipasuki, likapasuka wageni wakiwa mezani. Ulisimama katikati ya maji, suruali imelowa mpaka kiunoni, ukasema, "Nilisema mimi." Tangu siku hiyo hakuna Fundi aliyekufa bila kuonya watu, wakampuuza, akafa akisema hivyo. Juzi muuza vitunguu aliponiona tu akapaza sauti, "Nilisema mimi!" Soko zima likacheka, nikapewa vitunguu bure.

Chagua sasa. Nina kifo cha kumezwa na mchanga unaofikiri, na kingine cha kugombana na kivuli chako mpaka kikushinde. Na hicho kifua, Nesi aniambie picha imesemaje, maana wewe huaminiki.

Muuaji wako


11 Machi

Shemeji Muuaji,

Pole na jino. Ling'oe, hotuba haihitaji meno yote.

Vifo vyote viwili sitaki. Kivuli tena? Mimi mtu wa grisi na chuma, nife kwa kugombana na kivuli! Nimefikiri nikiwa nimelala, maana sasa nalazwa mchana kama mtoto mchanga, nikagundua jambo la kunitia uchungu: maisha yangu yote natengeneza lifti, na hujaniua kwenye lifti hata mara moja. Hiyo ni dharau. Nataka lifti.

Picha, Nesi anasema iko sawa. "Ni vumbi tu, Baba, pumzika." Lakini alikuwa anauambia ukuta, si mimi. Na nyumba imeingiwa na adabu, shemeji. Juzi niliacha spana juu ya kabati makusudi. Mama yao akaichukua, akaifuta, akaiweka kwenye sanduku la vifaa, akasema, "Pole na kazi." Pole na kazi! Kijana wetu mkubwa amerudisha drili aliyoazima tangu hajaoa, tena kaisafisha. Naulizwa nataka kula nini. Nikikohoa, watu wanaangaliana.

Lifti ikiacha kulalamika ghafla, fundi anashuka haraka kwenda kuitazama. Ndivyo ninavyoitazama nyumba hii sasa. Siulizi. Nikiuliza wataniambia vumbi, na nitakuwa nimewalazimisha kusema uongo mara ya pili.

Nimebaki na wewe. Wewe huna adabu, hujawahi kuwa nayo kwangu, na sitaki uanze leo. Tuma sura nione.

Marehemu


2 Mei

Mpendwa Shemeji,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Natumaini unakula vizuri na unapata nafasi ya kupumzika mchana. Huku mvua zimepungua na hali ya hewa ni nzuri.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Mashine ya kuchapia ilikwama, kisha kamati ya nishani wakanihitaji kwa mahojiano, kisha nikapata mafua. Sura bado haijakaa sawa, ndiyo maana sikuiambatanisha. Hakuna haraka.

Jitahidi kunywa maji mengi. Usipande ngazi bila sababu. Waachie wengine kazi za paa. Mungu akulinde na akupe nguvu. Wasalimie sana mkeo na watoto.

Wako katika upendo,
Shemeji yako


9 Mei

Shemeji,

Huku tuko kama tulivyokuwa. Kampuni wamenipumzisha. Mkuu aliniita ofisini akanipa kiti. Tangu niajiriwe pale nimesimama mbele ya meza ile mara ngapi sijui, leo kiti, tena chenye mto.

Nimepokea barua ya mtu nisiyemfahamu. Mwandiko unafanana na wako. Ameniita mpendwa, amenishauri kunywa maji, ameniombea dua, na amesaini kwa upendo. Shemeji yangu mimi huniita Marehemu. Nilipolazwa mwaka ule kwa homa, nikiwa sijui usiku wala mchana, yeye aliniandikia nisithubutu kufa kabla hajapata wazo zuri, na muuguzi alinisomea barua ile nikacheka mpaka dripu ikachomoka.

Kama umemteka, mrudishe. Mwambie sitaki salamu wala hali ya hewa. Nataka sura. Nione Fundi amefanywa nini.

Marehemu (bado ni jina langu, au nalo limekatazwa?)


1 Juni

Shemeji,

Umeshinda, sura hii hapa, imefungwa na kamba ili isichanganyike. Jino nimeling'oa. Jirani wa chini amehama na sasa kimya kinanisumbua kuliko redio yake.

Utaona nimebadilisha mambo kidogo. Fundi anamaliza kazi yake katika mji ule wa angani, wakubwa wanamshukuru, wanampa nyumba kando ya ziwa kwenye sayari yenye joto la wastani. Ana bustani ya mboga na kiti cha kuegemea. Sura inaisha akiwa amekaa.

Mhariri anaona wasomaji wamechoka na vifo. Nami nimeona ana hoja. Baada ya miaka yote hii, mtu apumzike.

Niambie unaionaje. Kamati wametaja tarehe: nishani itatolewa mwishoni mwa Septemba, katika ukumbi wa maktaba kuu, ghorofa ya sita. Najua safari ni ndefu na huna haja ya kujisumbua.

Shemeji yako


12 Juni

Shemeji,

Wote hawajambo. Paka alipotea siku mbili, amerudi.

Nimesoma sura. Nyumba kando ya ziwa, bustani, kiti cha kuegemea. Umeandika vizuri.

Nimeelewa.

Asante.

Fundi


20 Juni

Shemeji,

Leo naruka salamu.

Barua yako fupi nimeisoma nimesimama mlangoni, funguo bado mkononi, nikakaa chini pale pale kwenye mkeka wa miguu. Hukusaini Marehemu. Nikajua nimekufanyia kitu kibaya kuliko vifo vyote vya vitabuni. Wengine walikudanganya kwa mdomo. Mimi nimekudanganya kwa Fundi.

Basi sikia. Mwishoni mwa Machi Nesi alinipigia simu akiwa kwenye korido ya hospitali. Nilisikia vitanda vikisukumwa nyuma yake. Alisema, "Mama mkubwa, naomba usimwambie Baba. Mama anasema akijua atavunjika moyo, atakwisha haraka." Nikaapa. Si vumbi, shemeji. Ni uvimbe kwenye pafu, na umeshasambaa. Daktari aliwaambia mwaka, na akasema pengine usitimie. Wamekuficha kwa mapenzi, usiwagombeze. Kiapo nimekivunja mimi, na Nesi akininunia ana haki yake.

Ile barua ya mpendwa niliiandika mara nne. Kila mara nilianza na Marehemu, na kila mara mkono ulisimama. Lile neno lilikuwa mchezo miaka yote, sasa lilinitazama. Sura nayo hivyo hivyo. Niliandika lifti yako, nikaandika waya, nikafika kwenye "Fundi akafa" nikafuta. Nilikuwa nakuua kwa raha kwa sababu kitabu kikitoka ulikuwa unakuja kwangu, unakula, unalalamika kwamba nimekuua vibaya. Nilikuwa naua mtu asiyekufa. Na nilimzika kaka yako, naijua nyumba inavyokuwa baada ya watu kuondoka na viti vya kuazima. Nikaogopa. Nikawaza kalamu isije ikaenda kukuita.

Hapo ndipo alipofika mtunzi wa Nishani ya Maisha, mwanamke aliyeandika mwisho wa jua na mwisho wa bahari. Ameshindwa kuandika mwisho wa fundi mmoja wa lifti.

Naogopa, shemeji. Hilo tu ndilo nililotaka kusema tangu Machi.

Mimi


4 Julai

Kwako Shemeji Muuaji,

Salamu kutoka kwenye nyumba yenye kelele, Mungu ashukuriwe.

Nilisoma barua yako nikaiweka chini ya mto, nikatoka kwenda kukaa kwenye kibaraza. Sitakudanganya, nililia. Si kwa sababu ya pafu tu. Nilikuwa nimechoka kujua peke yangu. Tangu Machi najua, shemeji, ila kujua bila kuambiwa ni kama kukaa sebuleni kwako mwenyewe ukiwa mgeni. Kila mtu anakukaribisha na hakuna anayekaa na wewe.

Kisha nikawaita mezani. Nikamwambia mama yao, "Najua. Acheni." Akalia, Nesi akalia, nikalia tena, paka akaona mambo haya hayamhusu akatoka nje. Tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Mama yao alipoinuka kuosha vikombe akaikuta spana juu ya kabati. Shemeji, alinisema! Alinisema mimi, akausema ukoo wetu, akamsema na marehemu kaka yangu ambaye hajawahi kushika spana. Sijawahi kufurahia kusemwa kama siku ile.

Nesi amekununia, ndiyo. Nimemwambia asizidishe wiki moja.

Daktari tumeongea naye, safari hii akiniangalia mimi. Kuna dawa kali za kunisogezea miezi kadhaa, lakini ningeikaa miezi hiyo nikiwa nimekumbatia beseni. Nimezikataa. Nimechukua za maumivu. Na Septemba nakuja, ghorofa ya sita au ya sitini. Ndiyo maana nilitaka ukweli mapema, mtu apange siku zake mwenyewe, asipangiwe kama mzigo.

Sasa wewe. Eti unaogopa kalamu itaniita. Kalamu yako ingekuwa na nguvu hiyo ningekuwa kaburini tangu hadithi ya kwanza, na soksi zangu. Kifo changu cha kweli ni kazi ya Mungu na simwingilii. Cha kitabuni ni kazi yako. Usimtwishe Mungu kazi zote mbili kwa uvivu.

Ile nyumba ya kando ya ziwa mpe profesa. Mimi nipe lifti, na uniue kama mtu mzima.

Marehemu


15 Agosti

Marehemu wangu,

Tazama, nimeliandika lile neno.

Mimi mzima. Dirisha limefunguka lenyewe, baada ya miezi yote ile ya kulisukuma. Nesi amenipigia simu, ameninunia kwa sauti dakika tatu, kisha akaniuliza nitavaa nini. Tumesameheana kwenye suala la viatu.

Sura mpya iko ndani ya bahasha hii. Kuna lifti inayopanda kutoka ardhini mpaka kwenye kituo kilicho juu ya mawingu, safari ya siku kadhaa, abiria wanalala humo na kupikiana. Kabla ya kuondoka Fundi anawaambia breki imechoka. Wanamwambia itabadilishwa wakifika. Katikati ya njia lifti inakwama. Ndani kuna maprofesa watatu, wanaanza kujadili maana ya kukwama. Usicheke, wanajadili kurasa nne. Fundi anapanda juu ya paa la lifti, anaona breki imebana na haiwezi kuachia isipokuwa mtu abaki nje ameshika mpini ulio kwenye nguzo ya njia. Anawagongea dirishani, anawaambia kwaherini, wala hawamsikii kwa mabishano. Anabaki kwenye ukingo mwembamba wa nguzo, anashika mpini, lifti inapanda na watu wake wote. Ana chupa yake ya chai. Anaitazama dunia nzima chini yake, usiku upande mmoja na mchana upande mwingine, na hana haraka. Niliyaandika hayo nikilia na kucheka, nikajua ni sura bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Wakinipa nishani wanipe kwa hii.

Lakini kuna mahali nimeacha wazi. Nimefika kwenye maneno yake ya mwisho nikasita, kwa sababu breki ni jambo dogo. Kitabu cha mwisho hakiwezi kufungwa na breki. Lazima kuwe na kitu kikubwa zaidi alichowahi kukisema Fundi, zamani, na hakuna aliyekisikia. Nimefikiri, sijakiona. Wewe ndiye mwenye maneno yale. Niambie: alisema nini?

Njoo na jibu Septemba. Na uje na suruali kavu.

Muuaji wako


8 Oktoba

Kwako Shemeji Muuaji,

Mwandiko ni wa Nesi, mkono wangu umechoka. Maneno ni yangu, na matusi. Hatujambo kwa kadiri yetu. Mama yao anakusalimu, anasema gauni lako lilikuwa zuri ila mkoba haukuendana.

Safari ya kurudi ilinichosha na bado nalala sana, lakini nisingeibadilisha kwa dawa yoyote. Lifti ya maktaba yenu inaguna ikifika ghorofa ya nne. Nimemwachia msimamizi maagizo. Na ule mchezo wako, shemeji! Umevishwa nishani, watu wamesimama, nami nimekaa zangu safu ya tatu najifuta macho kwa siri, halafu unashika kipaza sauti unasema, "Profesa, Fundi si alama. Ni shemeji yangu, yule pale." Nilitamani sakafu inimeze. Nikasimama kwa msaada wa Nesi, na ukumbi mzima, mawaziri, wanafunzi, mpaka wabeba viti, wakapiga kelele kwa pamoja maneno yangu. Profesa alikuja kunipa mkono baadaye. Tukaongea habari za magoti. Ni mtu mzuri.

Uliniuliza swali nikakwepa. Pale ukumbini nilikuwa na jibu, ila nikakimbilia habari za magoti. Sasa niko kitandani, dirisha liko wazi, Nesi ana kalamu, nalitoa.

Siku ya harusi yenu, kabla ya lile neno la maharage, nilimvuta kaka yangu pembeni, kule nyuma walikopanga viti. Ulikuwa umemaliza kuwaeleza wazee habari za nyota fulani iliyokufa zamani ila mwanga wake bado unakuja. Wao walikuwa wanapiga miayo. Mimi nilikuwa nimesahau kutafuna. Nikamwambia kaka yangu: "Huyu mke wako atafika mahali ambapo sisi hatutafika. Asije mtu akamzuia, hata wewe." Akacheka, akaniambia nimekunywa soda nyingi. Kisha tukarudi mezani, nikaona aibu kwa maneno makubwa niliyosema, ndipo nikasimama nikasema la maharage ili watu wasinijue.

Kaka yangu hakukuambia, nami sikumkumbusha. Mchezo wetu ulikuwa umeshaanza na ulikuwa mtamu. Juzi walipokuvisha ile nishani niligeuka pembeni nimwambie, kwa mazoea tu, nikakumbuka hayupo. Basi nakuambia wewe.

Yaandike hayo pale ulipoacha wazi, na ujipandishe nawe kwenye lifti ile. Fundi ameshika mpini, lifti imepanda na shemeji yake ndani, haionekani tena, amebaki na chai yake. Haogopi. Mwache aangalie juu, kisha aseme.

Nilisema mimi.